Kiwiko

Mwaka wa kumi na tisa huu nanyonyoa kuku Kadutu.
Wangapi, sijui. Aliyehesabu ni mgongo wangu.

Nyama huenda kwa mwenye franka,
utumbo huenda kwa mwenye paka,
miguu na vichwa hugombewa mpaka jioni.
Manyoya peke yake hayana mtu.
Mbwa huyanusa, akapiga chafya, akapita.

Mvua ya Aprili huyashusha mtaroni,
mtaro huyakabidhi mto Kawa,
na Kawa, usiojua kukataa, huyasukumia ziwani.
Tukiyachoma, mlima mzima unakohoa,
na jirani yangu Cibalonza hufunga dirisha
kwa kishindo, ili nisikie.

Akaja Mugisho, kijana wa chuo, na kijiko na kichupa.
Nikadhani anataka kuku wa mkopo.
Akachuchumaa nyuma ya lundo langu la zamani,
akasukuma manyoya pembeni,
akachota udongo.
Udongo! Mweusi, unaonuka, wa bure.

"Mama Nsimire, humu chini kuna wanaokula."
"Wanakula nini?"
"Unachokitupa."

Bakteria hana meno, akaniambia.
Hutema kwanza, ndipo ale:
mate yake huukata unyoya uzi kwa uzi
mpaka ulainike kama uji.
Na mate hayo yana jina, vimeng'enya,
na kuna watu huko mbali wanayanunua kwa kipimo cha dawa.
Nikacheka hadi kisu kikaniponyoka.
Mimi nimetemewa mate mara ngapi sokoni hapa,
nani alinilipa?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa.
Lakini hawa hawakuja.
Walikuwepo, chini ya nyayo zangu,
wakila kimya miaka yote ile
niliyokuwa nikiwatukana kwa harufu yao.

Kisha umeme ukakatika, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Sanduku la joto la labo likapoa kama kaburi.
Usiku Mugisho akabisha kwangu,
chupa zimo ndani ya koti lake
kama mtu aliyeiba vifaranga.
"Wanataka digrii thelathini na saba. Watakufa, mama."

Digrii sikuzisoma.
Niliteka maji ya moto, yaleyale ya kunyonyolea,
nikayapunguza makali, nikatia kiwiko,
kama nilivyowaogesha watoto sita.
Nikatoa makala mawili kwenye mbabula. Nikarudisha moja.
Akatumbukiza kipimajoto chake,
akakisoma, akakipangusa, akakisoma tena,
halafu akakitazama kiwiko changu
kama ukurasa alioukosa darasani.

Usiku nne tuliwalea.
Wanahitaji hewa, alisema, watikise;
nikawatikisa kwa mguu huku nikimenya mihogo.
Unyoya ulilegea ukingoni kwanza,
ukabaki uti,
uti nao ukapinda, ukakonda,
na asubuhi ya tano chupa ilikuwa na maji tu,
rangi ya chai ya rangi,
harufu (sitadanganya) ya soksi za marehemu mume wangu.

Tulimpelekea kaka yangu Ntakwinja, mtengeneza ngozi,
ambaye chokaa imemla kucha tatu.
Akayamimina juu ya ngozi ya mbuzi bila imani,
akaenda kulala.
Alfajiri akapitisha kidole gumba, mara moja:
nywele zikatoka
kama deni linalolipwa bila kudaiwa.
Hakusema kitu.
Alikaa akikitazama kile kidole,
akikisubiri kianze kuwasha.

Kiwanda bado. Fedha bado.
Umeme ulirudi, ukatusalimu, ukaondoka.
Mugisho anaandika kitabu chake cha chuo;
ameniahidi kiwiko kitatajwa.
Tutaona.

Ila lile lundo la zamani siruhusu lizolewe.
Jana mteja mmoja, viatu vyeupe, pua ameishika,
alisimama palepale akibishana bei ya jogoo.
Nikamwambia kwa heshima:
sogea kidogo, mama,
umewakanyaga wenyeji.